Mpunga wa Bondeni

Mama Bondeni alipofiwa na mumewe, alimegewa kipande cha bondeni ambacho hakuna ndugu aliyekitaka. Misimu miwili alipanda mahindi kama wenzake wote, na misimu yote miwili maji yalituama, mahindi yakawa ya manjano, mizizi ikaoza. Shemeji yake akaja juu: "Ukishindwa tena safari hii, shamba linarudi kwetu."

Mama Bondeni alirudi shambani. Aliinama, akaufinyanga udongo wake mweusi, ukashikana kama wa kufinyangia chungu. Basi kama shamba lenyewe linapenda maji, alijisemea, nitalipatia mmea unaopenda maji. Akainua kingo za kuzuia maji, akagawa majaruba, akapandikiza mpunga.

"Shemeji, siku hizi unafuga vyura?" yule bwana alimkejeli toka barabarani.

"Waache waimbe, mwenzio nina kazi," alimjibu, matope magotini.

Mvua ilinyesha kupita kiasi, na mpunga ukazidi kunawiri. Siku ya kuvuna shemeji alifika, mikono nyuma. Mama Bondeni akamkabidhi mundu.

"Vuna, shemeji. Vyura hawajui kushika mundu. Na shamba halirudi ng'o."