Nyanya Zenye Bega la Kijani

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Kituo chetu cha mbegu, nje kidogo ya Sumbawanga, hakunipa kiti. Alinipa tenga la nyanya. "Binti, toa mbovu." Nikatoa zote zenye bega la kijani, yaani zilizobaki kijani kuzunguka kikonyo wakati chini zimeshaiva. "Huyu ana jicho!" akasema. Sifa ile ilinivimbisha kichwa miaka mingi.

Baadaye nikapangiwa kijiji cha Mwazye kama bibi shamba, kusimamia wakulima waliotuzalishia mbegu. Kazi kubwa ilikuwa kung'oa kila mche usiofanana na wenzake, mbegu zisichanganyike. Kwa Mama Sabina, mmoja wao, mjane aliyelima pia ulezi na mahindi, nilikuta matuta mawili ya nyanya za bega la kijani.

"Hizo ni za marehemu mama yangu," alinisihi. "Ni tamu, mwanangu. Onja kwanza."

Sikuonja. Nilisimama pale mpaka akang'oa mche wa mwisho, huku akijifuta macho kwa ncha ya khanga.

Miaka ikapita, nikarudishwa kituoni chini ya Mtafiti Mwandamizi, mwanamama mpole. Wanunuzi walikuwa wakimlalamikia kwamba nyanya zetu zinapendeza ila hazina ladha. Ndiye aliyenifundisha habari za jeni, yale maelekezo ya urithi yaliyomo ndani ya kila mbegu. Yakibadilika kidogo tu, tunda nalo hubadilika: badiliko moja huzuia wekundu, nyanya ikaiva ya njano; jingine hufuta bega la kijani, ikaiva rangi moja.

"Lakini ule ukijani husaidia kutengeneza sukari," alisema. "Hizi zetu safi ndizo zilizobadilika. Za bega ndizo za asili. Nitafutie mbegu yake."

Nilijua ilikuwa wapi, na nani aliyeamuru ing'olewe.

Nilifika Mwazye nimeinamisha kichwa. "Shikamoo, mama. Nimekuja kuomba radhi."

"Marahaba." Alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia jikoni, akatoka na kibuyu cha mbegu zilizochanganywa na majivu. "Uliniambia ning'oe shambani. Nyuma ya jiko hukufika."

Akacheka sana. Mimi nililia.

Sasa nimestaafu, naishi mtaa wa Izia, mjini Sumbawanga. Nawashukuru wakubwa wangu wote, hata yule aliyelisifu jicho langu, ila namshukuru zaidi Mama Sabina. Kila msimu napanda mbegu yake. Mabibi shamba wapya hunitembelea, wakaziona nyanya hizo na kuanza kutikisa vichwa. Mimi huchukua kisu, nikawakatia kipande.

"Onjeni kwanza," nawaambia.