Siku Niliyomdaka Mama Mkwe Stesheni ya Kibera

Nichekeni tu, mimi mwenyewe nimeshajicheka hadi nimezoea, lakini siku hiyo nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Ilikuwa miaka ya sabini, mimi fundi wa vitanda, chumba changu kiko kando ya reli, na nimempenda Nafula, msichana wa kwetu Bungoma aliyekuwa akiishi kwa kaka yake kule Sarang'ombe, hapa hapa Kibera. Mama yake akasema hatoi jibu lolote la posa mpaka aje mwenyewe aone binti yake anapelekwa kuishi wapi. Basi mimi kwa kujigamba (sijui nani alinituma) nikamwambia Nafula, "Mwambie mama asifike mjini, ashuke papa hapa Kibera, aone vile treni inasimama mlangoni kwangu."

Sasa, kwetu mtu na mama mkwe wake hawasalimiani kwa mkono, hata njia moja hawapiti, na kumgusa ndiyo usiseme. Kwa hivyo asubuhi hiyo Nafula alisimama penye jengo la stesheni, nami na heshima zangu nikaenda kujificha kule nyuma kabisa, kwa akina mama wanaouza mboga za sukuma wiki, nimwone kwa mbali tu.

Nilichosahau ni stesheni yenyewe. Ilijengwa na mkoloni, enzi zile Kibera ni mashamba ya Wanubi na treni ni fupi, halafu baada ya Uhuru tukaja sisi, tukajaza vibanda hadi kando ya reli, treni nayo ikarefuka, lakini platfomu ya kushukia abiria haikuongezwa hata tofali moja. Mabehewa ya nyuma yalikuwa yanasimama nje ya platfomu, karibu juu ya mboga za watu.

Behewa la mwisho likasimama mbele ya pua yangu, mlango ukafunguka, na hapo juu, amekumbatia kikapu cha viazi vitamu, alikuwa Nafula mzima, ila amezeeka kidogo. Nikageuka nitoroke.

"We mpagazi!" akaita. "Unaenda wapi? Nishushe, treni inaondoka!"

Filimbi ikalia. Mama Mwende, muuza sukuma wa kutoka Kitui, akanisukuma. "Si umshike mama wa watu! Ama unangoja aanguke?"

"Ni mama mkwe wangu," nikamnong'oneza.

"Uuuwi!" Akajifunika uso na leso (hata Ukambani hayo mambo hayachezewi), wenzake wote wakajifunika, treni ikaanza kutembea, na mama akaruka. Nikamdaka, yeye na kikapu chake, tukaenda chini wote wawili juu ya sukuma za Mama Mwende.

Ningesema ukweli hapo hapo. Badala yake nikaokota viazi, nikajitwika kikapu, nikawa mpagazi kweli, na njiani mama akaanza maswali.

"Kuna kijana hapa anatengeneza vitanda, anataka binti yangu. Unamjua?"

"Namjua kidogo, mama."

"Ni mtu wa namna gani?"

(Mungu anisamehe.) "Huyo? Kijana safi! Halewi, anapenda kazi, hata sura anayo."

Ndipo Nafula akatokea mbio, akatuona, akashika kichwa. "Mama! Mbona unatembea na yeye?"

Mama akanitazama kutoka viatu hadi kikapu, majani ya sukuma bado yako kwenye kitambaa chake. Nikainamisha kichwa kwa aibu, viazi vikaanza kumwagika kimoja kimoja, nami nikajua nimempoteza Nafula, kwa ujinga wangu mwenyewe.

Mama akanipa mgongo, vile mila inavyotaka, akamwambia binti yake kana kwamba mimi sipo: "Mwambie huyo mpagazi wako, mkwe akimgusa mama mkwe lazima atoe blanketi. Na blanketi haliletwi na mtu mmoja. Alilete nyumbani, pamoja na wazee wake."

Nafula akalia, nami nikacheka, ama ni mimi nililia, sikumbuki vizuri.

Tangu hapo mama akija Nairobi anashukia stesheni kubwa ya mjini, anapokewa na Nafula na wajukuu, na mimi nimeapa siendi kumlaki mtu yeyote reli ile, na kujigamba nimeacha. Lakini majirani wakilalamika kwamba stesheni yetu ni fupi, wakitaka irefushwe, mimi hunyamaza. Moyoni nasema waiache vivyo hivyo.