Bei ya Rivolva ya Bandia

Nakumbuka asubuhi moja ya Kisangani, mwanangu, ambayo mpaka leo ikinijia miguu huniwasha hata nikiwa nimekaa. Ilikuwa enzi ya Zaire, enzi ya chama kimoja, wakati kila mtu mjini aliitwa sitwayen, yaani mwananchi, na ukionekana na kifurushi mkononi ulitakiwa ueleze ni nini, umekitoa wapi na unakipeleka kwa nani. Mimi nilikuwa msichana wa mtaa wa Kabondo, mtoto wa watu waliotoka Maniema, na nilikuwa na sifa moja tu: kupunguza bei. Usicheke. Mama jirani akitaka kitenge, aliniita mimi. Mtu akitaka sufuria, baiskeli, hata mbuzi wa sikukuu, alisema, "Mupeleke Zaina, yeye anajua." Nami nilivimba kichwa kwa sifa hiyo kuliko msichana mwenye gauni jipya.

Kaka yangu, Yaya Idi kama kwetu tunavyomwita mkubwa wetu, alikuwa na studio ya picha: chumba kimoja, kiti kimoja, na pazia lililochorwa mlima ambao hakuna aliyewahi kuuona. Siku hizo vijana walikuwa wamelewa filamu za makauboi. Kila Jumapili walikuja na kofia pana, mkanda kiunoni, wakitaka kupigwa picha wameshika rivolva. Ya kwetu ilikuwa ya mti, imepakwa rangi ya viatu. Ilikuwa ikiwachafua wateja mikono, nao wakitoka nje wanajifuta suruali na kututukana. Halafu mpiga picha wa ng'ambo ya barabara akaleta rivolva ya chuma. Nayo ilikuwa ya bandia, lakini ilikuwa nzito mkononi, na ilifanyizwa kama zile za kizamani kabisa, ambazo lazima kwanza uvute nyundo nyuma kwa dole gumba, kila mara, ndipo kifyatulio kikubali. Wateja wetu wakavuka barabara mmoja mmoja. Yaya Idi akaanza kukosa usingizi, na nyumba ambayo mwenye nyumba hali wala halali, mwanangu, hakuna anayetulia.

Basi akanituma mimi. Rivolva kama zile zilikuwa zikiuzwa mahali patatu mjini, kila mahali kwa jina lake. Kwa Papa Amuri, mzee wa kule Makiso ambaye ukoo wake wa Waislamu ulikuwa ukifanya biashara mjini tangu enzi za mababu, iliitwa Sherifu wa Dhahabu, na bei yake ilikuwa ya kukufanya ushike kiuno. Katika duka la pili, karibu na posta, iliitwa Bufalo, na bei ilishuka kidogo. Kwa Lokwa, kijana mwenye kibanda pembeni ya soko kuu, iliitwa Texano, na alikuwa akiiuza karibu nusu ya bei ya Papa Amuri.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Wangeniona mimi! Wiki nzima nilizunguka. Nilitoka kwa Amuri, nikaenda posta, nikaenda kwa Lokwa, nikarudi tena kwa Amuri kwa sababu nilidhani nimesahau jambo. Usiku nililala nikiziona zote tatu zimepangwa. Nilizigeuza juu chini, nikazungusha silinda, nikavuta nyundo, mpaka dole gumba likafanya lengelenge. Na siku moja nikaliona: chini ya kifyatulio palikuwa na kovu dogo, mahali ambapo chuma kilimiminwa vibaya. Nikakimbia posta, Bufalo inalo. Nikakimbia kwa Lokwa, Texano inalo, pale pale, na ukubwa ule ule. Kumbe zote zilitoka katika kalibu moja, watu wakabandika majina tofauti!

Furaha yangu ilikosa adabu. Nilirudi kwa Papa Amuri, dukani pamejaa watu, nikamwambia kwa sauti, "Papa, weye unauzisha jina tu. Hii na ile ya Lokwa iko kitu moja."

Mzee alikuwa anatafuna makasu, zile kokwa chungu ambazo wazee wa kwetu hawaachi. Hakuinua hata uso. "Bon," akasema. "Enda ununue kwa Lokwa."

Nikaenda, na Yaya Idi nyuma yangu. Lokwa tukamshindilia mpaka akatoka jasho. Alipofika mwisho kabisa, pale ambapo muuzaji huapa kwa jina la mama yake, mimi nikakumbuka ujanja wa soko letu. Kwetu boksi tupu ni mali. Kina mama wauza sabuni na wauza misumari hulinunua la kutilia bidhaa zao. Nikasema, "Baki na boksi. Punguza tena." Akapunguza. Nikasema, "Na faktire, ile karatasi ya mauzo, usiandike, si unailipia kodi? Punguza tena." Akanitazama kama mtu aliyekutana na mwizi mwenzake, akapunguza. Yaya Idi aliguna kidogo kuhusu boksi, nikamwuliza, "Tunapiga picha ya rivolva ao ya boksi?" Akalipa. Tuliifunga katika gazeti, na mimi nikatangulia kifua mbele, kama mke wa gavana.

Siku hiyo mkubwa fulani wa chama alikuwa anatazamiwa kutoka Kinshasa. Barabarani wanawake walikuwa wakifanya mazoezi ya nyimbo za kumpokea, na kwenye njia iendayo Bangboka, ambako ndege hutua, wanajeshi walikuwa wameweka mti katikati ya barabara. Ilikuwa njia yetu ya kurudi nyumbani. Kifurushi alikibeba Yaya Idi.

"Iko nini mu gazeti?" akauliza mwanajeshi.

"Kitu ya mchezo, chef, mkubwa wangu. Ya studio."

Mwanajeshi akafungua, akavuta nyundo kwa dole gumba. Ule mlio mdogo, mwanangu! Wanawake waliokuwa wakiimba walikatika kama redio iliyokufa betri. Mji wetu ulikuwa umeona vita, na watu wazima waliujua mlio kama ule. Kufumba na kufumbua kaka yangu alikuwa kifudifudi mavumbini, goti la mtu mgongoni mwake. Nikapiga kelele kwamba ni bandia, hata risasi haiingii. Hakuna aliyenisikiliza.

Adjuda wao, mkubwa wa pale, alinisikiliza baadaye, katika kituo chao, akiwa anaigeuza ile Texano mezani. "Ya bandia ao ya kweli, unaweza kuibia mutu nayo," akasema. "Kitu ya mchezo iko na boksi yake, iko na karatasi. Ya kwako iko wapi?" Nikamwonyesha lile gazeti. "Basi. Jua ikizama bila karatasi, ndugu yako anapanda ndege ya kwenda Kinshasa. Kule bataangalia ni kauboi ya namna gani."

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, na wewe pia usingecheka. Tulijua watu waliopandishwa ndege hiyo. Tulikuwa bado tunawawekea chakula.

Nilikimbia viatu mkononi. Lokwa aliponiona alianza kufunga kibanda. "Mimi? Rivolva? Mama, mimi sikuyui weye," akasema, kijana yule yule niliyebishana naye asubuhi mpaka tukaitana shemeji. Boksi lilikuwa limekwisha kununuliwa, limepotelea sokoni. Duka la posta wakaniambia hawajawahi kuuza silaha maishani mwao, na Bufalo walikuwa wameshaiondoa dirishani. Habari mbaya ina mbio kuliko mimi.

Palibaki pa Papa Amuri. Nilisimama mlangoni pake nikahema. Akauliza neno moja, "Boksi?"

"Niliiacha, Papa."

"Uliiacha bure?"

"Alinipunguzia bei, makuta machache tu."

Mzee alikohoa, akakaa. Nilijua atanifukuza, na angekuwa na haki. Mke wake akatokea nyuma ya pazia, akasema kwa hofu, "Baba Salima, usiende. Kule batu banaingia, habatoke." Papa Amuri alikuwa ameanza kuvaa viatu, kimoja kiko mguuni. Alikaa hivyo, kiatu cha pili mkononi. Halafu akasema, "Sasa, kijana alale kule kwa sababu ya kitu mimi ninaweza kuieleza?" Akavaa cha pili, akashusha Sherifu wa Dhahabu na boksi lake, tukatoka.

Usidhani alikuwa shujaa wa hadithi. Njia nzima rivolva iligongagonga ndani ya boksi, na midomo yake haikuacha dua.

Mbele ya adjuda aliziweka mbili pamoja, ya kwake na ya kwetu. "Mon adjuda, angalia hapa chini. Kovu iko moja. Fabriki, kiwanda yao, iko moja, ni jina tu banabadilisha. Na hapa ku boksi baliandika: ni ya bandia, haipige risasi. Mimi ni Amuri, duka yangu unaiyua. Kama ni uwongo, kuya unifunge mimi."

Yalikuwa maneno yangu, mwanangu. Yale yale niliyomtukania mbele ya wateja wake. Nilitamani ardhi ipasuke.

Adjuda alisoma, akazipima moja mkono huu, nyingine mkono ule, mwisho akacheka. Zote mbili akaziingiza katika droo, eti kwa usalama wa taifa. Yaya Idi alitoka mdomo umevimba, bila mkanda, anatembea kama anayejifunza upya. Papa Amuri alirudi na boksi tupu.

Njiani nikaanza kuapa kwamba nitamlipa rivolva yake hata kwa miaka. Akasimama. Hapo ndipo aliponikaripia, na hakupandisha sauti.

"Hesabu unaiyua, na ulisema kweli: kitu iko moja. Wiki nzima nilikuona, unaangalia nyundo, unaangalia silinda. Haukuniangalia mimi hata mara moja. Na Lokwa, ulimuangalia? Kitu iko moja, mutoto yangu. Bauzishaji habako bamoja."

Malipo alikataa katakata. Baadaye nilikuwa nikinunua chumvi kwake bila kubishana hata neno, kwa heshima, mpaka siku moja akakasirika: "Weye uko mugonjwa? Sema bei, basi!" Kwa hiyo usinielewe vibaya. Sikukatazi kupunguza bei. Mnunuzi asiyeuliza ni mfuko uliotoboka.

Lakini siku hizi nakuona, mwanangu, na simu yako, unalinganisha bei ya duka hili na lile, usiku macho mekundu, unahangaika kama mimi wa wakati ule. Linganisha. Kitu kikiwa kimoja, lipa kidogo. Ila kabla hujatoa pesa, inua macho umtazame anayekuuzia, ujiulize: kikiniletea balaa, huyu atasema ananijua? Na kila bei inapopungua, uliza ni nini kimekatwa pamoja nayo. Fanya hivyo ukinunua, ukiajiriwa, hata ukioa. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na dhiki haitoi taarifa ya kuja.

Mungu akutulize moyo. Akupe riziki isiyo na mashaka, akuepushe na milango inayofungwa ukikaribia. Na siku mtu atakapokuja kwako anahema, amekwisha kukutukana jana, Mungu akupe nguvu ya kuvaa kiatu cha pili.