Mchezaji Aliyekataa Kusaini na Posa Yangu

Kwanza mnisamehe kwa mwandiko wangu na kwa herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba kule Muheza, na naandika polepole. Karatasi hii imenichukua siku tatu. Mzee Shabani, ambaye nafanya naye kazi ghalani huku ughaibuni, mjini Eagan, ndiye aliyeniambia niwaandikie ninyi wadogo zangu mnaofikiria kuoa. Nilimjibu kwamba mimi si mzee wa kumshauri mtu. Akasema, "Uliharibu, ukafundishwa. Inatosha. Andika."

Basi nawaeleza nilivyoharibu.

Siku hizo nilikuwa nimempenda Mwanaisha, binti wa familia ya Mombasa inayokaa kwenye maghorofa ya Cedar-Riverside. Alikuwa anasomea uuguzi. Kwa aibu niliyonayo, maneno yangu mengi kwake yalikuwa kuhusu baridi na basi lililochelewa, lakini alinielewa. Mzee Shabani alikubali kuwa mshenga wangu. Alipeleka posa, ikapokelewa vizuri, na Ami Salim, aliyesimama mahali pa marehemu baba yake Mwanaisha, akasema watakaa kama familia kisha watuletee masharti yao. Tukawa tunasubiri.

Wakati huohuo mji mzima ulikuwa unabishana juu ya mchezaji mmoja. Timu yetu ya magongo, ile inayocheza juu ya barafu kule Saint Paul, ilikuwa na nyota ambaye mkataba wake ulikaribia kwisha, naye hataki kusaini mpya. Leo wakala wake anasema hiki, kesho viongozi wa timu wanasema kile. Mchezo huo walinifundisha wenzangu wa ghalani, na kusema kweli ndio uliokuwa njia yangu ya kuongea na watu. Mtu mwenye aibu akipata kitu kimoja anachokijua, hakiachii.

Jumamosi moja, baada ya swala ya alasiri, tulikuwa kwenye mkahawa wa chai pale Cedar. Televisheni ya ukutani ikaonyesha habari za yule mchezaji. Musa, dereva wa teksi kutoka Nairobi, akaanza.

"Huyu jamaa ametuzoea. Si asaini tu? Ama anataka tumbembeleze na pilau?"

"Wewe ungesaini?" mwenye mkahawa akamuuliza.

"Buda, mimi wakinipa tiketi ya bure na kofia, nasaini na mkono wa kushoto."

Watu wakacheka. Mtu wa meza ya pili akasema mchezaji ana haki, anataka kwanza kujua msimu ujao atacheza na nani, maana mwaka huu amekimbia kama yuko peke yake. Musa akamwambia basi aende akawe wakala wake.

Nami nikaingia. Sijui sauti niliitoa wapi. Nikasema, "Anayependa timu haiwekei masharti. Mtu akishaanza kutaja nataka hiki, nataka kile, jueni hapendi. Anatafuta mlango tu."

Walinishangilia. Musa akanipiga begani. "Kumbe huyu bubu ana maneno." Nilijisikia vizuri sana, hata nikayarudia kwa sauti kubwa zaidi. Nilipogeuka kuchukua kaimati, nikamwona Ami Salim amekaa nyuma yangu na kikombe chake. Yeye hakuwa anacheka. Alimaliza kahawa, akasimama, akaniambia kwa upole, "Haya mwanangu, tumesikia." Akatoka.

Jioni hiyo alimpigia simu Mzee Shabani. Masharti yalikuwa tayari, alisema, lakini hawatayaleta tena. Mwanaisha alitaka amalize chuo kwanza kabla ya kuzaa, na alitaka kukaa karibu na mama yake, ambaye hana mtoto mwingine. Lakini kama kwa kijana huyu binti kusema anachotaka ni dalili ya kutopenda, basi Mzee Shabani aje aichukue posa yake.

Kesho yake Mzee Shabani alikuja chumbani kwangu. Nilidhani atanigombeza. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akavua kofia, akasema taratibu:

"Mwanangu, nimekuwa mshenga wa watu wengi. Unajua ni binti gani anayenitia hofu? Yule anayekubali kila kitu siku ya kwanza. Huyo ama amelazimishwa, ama ameshakata tamaa. Anayesema hili naliweza, hili siliwezi, huyo ameshaiona nyumba yenu akilini mwake, anatafuta namna ya kuishi ndani yake. Anayetaka kuondoka hajadiliani na mtu. Anaondoka."

Nikamwambia nilikuwa naongea habari za magongo tu.

"Najua. Ulitaka watu wacheke pamoja nawe. Lakini umeyasema wewe, na utakwenda kuyafuta wewe. Safari hii sikusemei."

Hiyo ilinitisha kuliko matusi. Mshenga yupo ili mtu kama mimi asiongee. Nilikwenda kwao Mwanaisha, nikapanda lifti mpaka ghorofa ya kumi na nne, nikakaa mbele ya Ami Salim, mama yake Mwanaisha na shangazi wawili. Mwanaisha alikuwa jikoni, mlango wazi. Maneno yote niliyoyapanga yalipotea. Nikasema tu, "Nilisema upuuzi ili nionekane. Naomba kuyasikia masharti yake yote. Na mimi ninalo moja."

Ami Salim akainua macho. "Lipi hilo?"

"Nikinyamaza sana, asidhani nimekasirika. Aniulize."

Shangazi mmoja akaficha kicheko kwenye mtandio. Kutoka jikoni nikamsikia Mwanaisha: "Mwambieni hilo nakubali. Nitamuuliza mpaka achoke."

Tumeoana. Tunakaa Cedar, mlango wa tatu kutoka kwa mama yake, mimi nakwenda Eagan kwa basi, naye anamaliza chuo mwaka huu. Na kweli ananiuliza.

Wadogo zangu, mtu anayekutajia anachohitaji hajakutukana. Amekuamini. Msikilize mpaka mwisho kabla hujamwita mbinafsi, kisha taja na lako, hata kama sauti inatetemeka. Na msimseme vibaya mtu mnayemwona kwenye televisheni tu ili wenzenu wacheke. Anayewasikia yuko karibu kuliko mnavyodhani.

Mungu awape wenza wanaosema mapema yaliyo moyoni, na awape ninyi subira ya kuyapokea. Tafadhali niandikieni, hata mistari miwili, mnieleze yenu yalikwendaje. Nitajibu kila mmoja, ila mnivumilie, mkono wangu hauna haraka.