Aliyeing'oa Bendera Nyekundu

Wageni humpenda kiongozi wao kwa sauti yake. Kwanza huwapitisha juu ya jabali, ndege weupe wakiwapigia kelele kwa ajili ya makinda yao. Kisha kwenye mwamba wenye tundu, ambako wimbi likipiga chini maji hufoka juu na kuwalowesha wanaojifanya mashujaa. Kisha ziwa la chumvi nyuma ya vilima vya mchanga, kimya kama chumba cha mgonjwa. Mwisho huwashusha ufuoni, kwenye mawimbi marefu ambayo watu husafiri kutoka mbali kuja kuyapanda kwa mbao. Hapo, mbele ya bendera nyekundu, sauti ile hugeuka.

"Mume wangu ndiye aliyekuwa akiichomeka hii mkondo ukichafuka, watu wasiingie majini," huwaambia. "Na kwetu, aliyeichomeka ndiye peke yake wa kuing'oa. Siku moja mtu mwingine aliing'oa."

Hamtaji. Humtazama tu. Shemeji yake, anayeitwa Bingwa, hukodisha mbao kwenye banda la jirani, na saa hiyo huinama ghafla kutafuta kitu ambacho hakijapotea.

Siku hiyo wateja wa Bingwa walilalamika kwamba bendera inawanyima raha. Kaka yake alipokwenda kunywa chai, Bingwa akaing'oa, akaificha nyuma ya banda. Mteja mmoja akabebwa na mkondo. Kaka akatupa kikombe, akaingia majini. Mteja alitoka hai. Kaka aliokotwa kesho yake chini ya jabali. Msibani, Bingwa akamwambia mama yao huku akilia: "Kaka alisahau kuchomeka bendera."

Mjane ndiye aliyeikuta nyuma ya banda, mchanga mbichi ungali kwenye mti wake. Alimweleza mama mkwe. Mama akaziba masikio. "Mwanangu, usinipotezee na huyu aliyebaki."

Ndipo mjane akaomba kazi ya kuongoza wageni. Bahari aliichukia. Alitaka kukaa ndani ya Bingwa kama mwiba uliovunjikia nyamani.

"Shemeji, utanimaliza," Bingwa alimnong'oneza siku moja. "Watu wananiangalia."

"Wacha wakuangalie. Si una sura nzuri?"

"Nilishatubu kwa Mungu."

"Mungu hakuambiwa mume wangu ni mzembe. Aliyeambiwa ni mama."

Jumamosi iliyofuata, katikati ya wageni wenye kofia na kamera, alikuja na mama mkwe. Alimwambia wanakwenda kupunga upepo. Mama hakuwa amekanyaga mchanga ule tangu mazishi. Alitembea amemshika mkono mkwewe, akilalamika kwamba kandambili zinamezwa. Walipofika kwenye bendera, kiongozi aliinua sauti.

"Leo atawasimulia mwenzangu. Bingwa! Njoo uwaeleze wageni."

Bingwa alikuja akichekacheka, mpaka alipomwona mama yake nyuma ya kofia zile. Kicheko kikamfia mdomoni.

"Sema, baba," mama alimwambia. "Nasikiliza."

Uongo ulikuwepo, tayari, ulishamfaa mara moja. Lakini mama alikuwa ameshauona uso wake.

"Niliing'oa mimi," alisema kwa sauti ya chini.

"Sikusikia," mama alisema.

"Niliing'oa mimi, mama! Kaka hakusahau."

Mgeni mmoja aliishusha kamera yake. Mama aliweka kiganja kwenye mti wa bendera, kama anayepima homa ya mtoto.

"Kumbe mwanangu hakuwa mzembe," alisema, na hakumtazama aliyebaki. Alimgeukia mkwewe. "Nirudishe nyumbani."

Mjane alikuwa akiogopa kwamba saa hii ikifika angemwonea Bingwa huruma. Alijipekua moyoni, hakuikuta. Alichokuta ni furaha, kali na ya moto, na aliipokea bila haya.

Bingwa aliwafuata hadi kwenye vilima. "Umeridhika sasa, shemeji?"

"Nani kakwambia? Kesho asubuhi nina kundi jingine. Uje mapema, na useme kwa sauti."