Kisima Nilichokiharibu Galu

Mwaka 1958, nikiwa na miaka tisa, baba alianguka kisimani akafa. Nikatoka darasa la pili nikashika sururu. Sioni haya kulisema.

Kufikia mwisho wa miaka ya tisini nilikuwa nimechimba visima kuanzia Ukunda hadi Msambweni, na hakuna aliyewahi kutema maji yangu. Kisha kiangazi kimoja bwana mmoja wa bara, aliyejenga vyumba vya kupangisha Galu, akaniita: kisima chake kimepungua maji. Nikafanya tunalofanya sote huku. Nikashuka, nikavunja mwamba, nikaongeza pima moja na nusu. Maji yakaja tele. Siku ya tatu akaniita tena, akanipa kikombe.

"Mzee, haya ni maji ama ni supu?"

Nikaonja. Chumvi tupu.

"Nakupa wiki mbili," akasema. "Ukishindwa naleta watu wa mashine, na Ukunda nzima itajua nani aliharibu."

Miaka arobaini ya kazi, na jina langu linakwenda hivyo.

Binti yangu wa mwisho, wa miaka kumi, alikuwa likizo. Mdomo wake haukuwa na breki. Nikaenda naye, akaketi ukingoni akishusha kamba yenye jiwe kupima kina cha maji.

"Baba, mbona maji yamepanda na mvua hakuna?"

"Bahari ikijaa, kisima nacho hujaa. Ndivyo kilivyo."

"Kwa nini?"

"Unaniuliza mimi au unamuuliza aliyeumba?"

"Nakuuliza wewe. Si wewe ndiye fundi?"

Jambo lile nalijua tangu utotoni, na sikuwahi kuliuliza hata siku moja.

Asubuhi ya pili, kisima kikiwa kimelala bila kuchotwa, akaonja kila ndoo niliyovuta. Ya kwanza ilikuwa tamu. Ya kumi ikaanza ukakasi. Ya ishirini akaitema, akataka tupitie baharini tuchote maji.

Tulipofika nyumbani akajaza maji ya bahari nusu ya glasi. Akachukua chai ya rangi iliyopoa, isiyo na sukari, akaimimina polepole juu ya mgongo wa kijiko. Nikainama kutazama. Chai ilikaa juu, nyekundu. Maji ya bahari yakabaki chini, meupe, na kati yao mpaka ulionyooka kama uzi. Hayakuchanganyika! Akazamisha kikonyo cha jani la mpapai hadi chini, akafyonza, akakunja uso.

"Chumvi. Baba, wewe umechimba ukapita maji ya mvua, ukaifikia bahari."

Subhanallah. Kumbe chini ya Galu yote, chini ya minazi na hoteli na nyumba za watu, maji ya mvua yamelala juu ya bahari, nami nimekuwa nikiyatoboa miaka yote hiyo bila kujua ninasimama juu ya nini.

Tukarudisha mawe na udongo wa mfinyanzi, nikaushindilia kwa miguu yangu hadi kina cha zamani. Tukangoja. Siku ya mwisho ya zile wiki mbili yule bwana akanywa, akanitazama.

"Umeweka dawa gani?"

"Mawe yako mwenyewe."

"Na uchote kidogo kidogo, bwana," binti yangu akadakia, "usije ukaiita chumvi tena."

Yule bwana akacheka. Kabla ya mwezi kwisha alinipeleka kwa jirani yake, nami nikamchimbia kisima kifupi, kisichoifikia bahari.

Leo, kwa visima vifupi kama kile, nina nyumba ya mawe ya vyumba vitano, minazi hamsini na miwili, ng'ombe watatu, pampu mbili za mkono na shamba la ekari nne lenye hati.