Lile kombe la baharini la Baba

Leo nimegundua baba yangu hajawahi kukanyaga bahari.

Huyu mzee ameendesha lori Mombasa–Malaba tangu sijazaliwa mpaka akastaafu.

Tulikuwa tumekaa nje hapa nyumbani Malaba, nikimpangia likizo ya wiki moja Malindi. Nikamuuliza siku zile za lori alikuwa anapenda ufuo gani.



"Mimi nilijua geti ya bandari tu. Unapakia, unafunga turubai, unarudi. Kwani mzigo utangoja ukiogelea?"

Nikamkumbusha lile kombe la baharini alilotuletea tukiwa wadogo. Tulikuwa tunapanga laini, kila mtoto aliweke kwa sikio asikie bahari. Mama alikuwa analifungia kwa kabati kama sahani za wageni.

"Hiyo nilinunua Mariakani, kando ya barabara. Sikushuka hata kwa lori."

Haya basi.

Nimelitoa kwa kabati nikaliweka kwa mkoba wake wa safari.

Saa hii amerudi kuniuliza kitu. Watu wa pwani, nisaidieni.

Anauliza huko kwa maji mtu anaingia na viatu, ama anavua.